Sumu haba na haba: mchanganyiko wa viuatilifu na samaki wa Ziwa Victoria

Mwezi Mei mwaka 2025, nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilimaliza mkutano wao mjini Geneva kwa kuiingiza klopirifosi katika orodha ya kemikali zinazopaswa kuondolewa duniani, ingawa baadhi ya matumizi yake yameachiwa muda wa mpito. Klopirifosi ni dawa ya kuulia wadudu iliyoingia sokoni katika miaka ya 1960, na wakulima wengi wa Afrika Mashariki wameifahamu kwa majina mbalimbali ya kibiashara. Umoja wa Ulaya ulikwisha kuifungia mlango tangu mwaka 2020.

Uamuzi huo unastahili kupongezwa. Hata hivyo, unaacha swali zito kwa nchi zinazozunguka Ziwa Victoria na zile zinazolilisha maji, Burundi na Rwanda zikiwemo. Mikataba ya kimataifa huondoa kemikali moja baada ya nyingine. Mamlaka za kitaifa nazo hutoa vibali kwa dawa moja baada ya nyingine. Lakini mto haupokei dawa moja moja. Mvua ikinyesha, maji huteremka na kila kilichonyunyizwa mlimani wiki hiyo, yakakusanya masalia ya kahawa, ya viazi, ya nyanya, ya mahindi na ya josho la ng'ombe, na samaki hukutana na yote kwa pamoja.

Hapo ndipo lilipo pengo. Sheria zetu huuliza kama dawa fulani, ikiwa peke yake na kwa kiasi fulani, ina madhara. Seli ya samaki haiulizwi swali hilo. Inakabiliwa na jumla.

Maji yanayoanzia kwetu

Ramani ya mito ndiyo inayolifanya jambo hili kuwa la majirani wote. Rutovu, kusini mwa Burundi, limejengwa piramidi dogo kuonyesha chemchemi ya kusini kabisa ya mto Nile. Maji yake huingia Ruvyironza, kisha Ruvubu, mto unaopita katika mashamba ya nyanda za kati kabla ya kuvuka mpaka na kuingia Tanzania. Karibu na maporomoko ya Rusumo, Ruvubu hukutana na maji ya Nyabarongo yanayotoka Rwanda. Kutoka hapo ni mto mmoja, Kagera, unaofuata mipaka ya Rwanda, Tanzania na Uganda hadi ziwani. Hakuna mto mwingine uingiao Ziwa Victoria wenye maji mengi kuliko Kagera.

Upande wa mashariki, Kenya nayo hupeleka mito yake: Nzoia na Nyando kutoka maeneo ya miwa, mahindi na mpunga, na Sondu-Miriu kutoka nyanda za chai. Mto Mara huanzia Kenya na kumalizikia Tanzania. Kwa hiyo ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, linalomilikiwa na nchi tatu, hupokea maji ya nchi tano.

Kila zao lina adui wake, na kila adui ana dawa yake. Kahawa hunyunyiziwa dawa za kuua kunguni wanaoharibu buni, pamoja na dawa zenye shaba dhidi ya magonjwa ya majani na matunda. Viazi na nyanya hunyunyiziwa mankozebu na dawa nyingine za ukungu, wakati mwingine mara nyingi katika msimu mmoja wa mvua. Tangu viwavijeshi vamizi waingie Afrika mwaka 2016, mahindi, ambayo zamani wakulima wengi hawakuyanyunyizia chochote, nayo yameingia katika orodha. Kuna dawa za magugu, na kuna dawa za kupe zinazotumika kwa mifugo. Hakuna hata mmoja kati ya wakulima hao aliyekusudia kuchanganya sumu. Kila mmoja amenunua chupa yake na kufanya kazi yake. Mchanganyiko hufanywa na mto.

Kinachotokea ndani ya seli

Ili kuelewa kwa nini jumla hiyo ni ya hatari, ni vyema kuanza na matamvua, yaani yale mashavu mekundu ambayo samaki huyatumia kupumua. Matamvua yamefunikwa na tabaka la seli jembamba kuliko unywele. Upande mmoja wa tabaka hilo ni maji ya ziwa, na upande wa pili ni damu ya samaki. Kupitia hapo oksijeni huingia, uchafu hutoka, na chumvi za mwili husawazishwa. Kiungo hicho hakiwezi kufungwa ili kuepuka sumu, kwa sababu samaki akikifunga hufa kwa kukosa pumzi.

Viuatilifu mbalimbali hushambulia sehemu mbalimbali. Shaba iliyoyeyuka majini huzuia seli za matamvua kufyonza sodiamu, na samaki hupoteza chumvi kidogo kidogo. Dawa za kundi la klopirifosi, diazinoni na malathioni hufunga kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva baada ya kufika. Ujumbe usipozimwa, misuli huendelea kukaza bila kupumzika, pamoja na ile ya kupumulia. Dawa nyingine husababisha seli kuzalisha oksijeni kali inayounguza mafuta ya utando wake na kuharibu vinasaba. Zaidi ya hayo, viungo vinavyochanganywa na dawa ili ishike vizuri kwenye majani vinaweza kuwa vikali kwa samaki kuliko dawa yenyewe. Hilo lilidhihirika katika baadhi ya dawa za magugu zenye glaifoseti, kiasi kwamba mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliondoa kiungo kimoja cha namna hiyo katika bidhaa hizo.

Samaki hana ulinzi mdogo. Ini lake lina seli zenye vimeng'enya vinavyovunja sumu na kuitoa mwilini. Lakini ulinzi huo nao hushambuliwa. Baadhi ya dawa za ukungu, hasa zile za kundi la azoli, hupunguza nguvu ya vimeng'enya hivyo. Dawa za ukungu za namna hiyo peke yake huenda zisimdhuru samaki kwa kiasi kinachoonekana. Zikikutana na dawa ya wadudu ambayo ini lingeivunja, dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu zaidi na kufanya kazi yake. Ni sawa na mwizi anayeingia nyumbani usiku ambao mwenzake amekwisha kumlevya mlinzi.

Hesabu ya haba na haba

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wataalamu wa sumu hutumia hesabu ya aina hiyo hiyo. Chukua mfano wa dawa kumi zinazofanya kazi kwa njia moja ndani ya mwili, na kila moja ipo majini kwa sehemu moja ya kumi ya kiasi kinachoanza kuleta madhara. Ukipima dawa ya kwanza utaandika kwamba maji ni salama. Ukipima ya pili utaandika hivyo hivyo, hadi ya kumi. Utakuwa na vyeti kumi vya usalama, na samaki mwenye madhara kamili.

Hesabu hii imethibitishwa katika maabara. Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha London walichanganya kemikali 8 zinazoiga homoni ya kike, kila moja ikiwa chini ya kiwango ambacho peke yake kingeonyesha athari. Seli za hamira walizozitumia kwa jaribio hilo ziliitikia mchanganyiko waziwazi. Kutoka kemikali nane ambazo kila moja ilikuwa kama si kitu, kilipatikana kitu.

Mwaka 2009, watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia uvuvi, walioko Seattle, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa vifaranga vya samaki aina ya samoni. Walitumia dawa tano: diazinoni, malathioni, klopirifosi, kabarili na kabofurani, wakizichanganya mbili mbili. Wakati mwingine athari ilikuwa jumla ya dawa hizo mbili. Lakini katika baadhi ya michanganyiko athari ilipita jumla, na baadhi ya samaki walikufa kwa viwango ambavyo dawa moja moja haikuwa imewaua. Malathioni ilipochanganywa na diazinoni, au na klopirifosi, ndipo hali ilipokuwa mbaya zaidi.

Haifai kutia chumvi hapa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yaliangalia michanganyiko 194 ya viuatilifu viwili viwili na kukuta kwamba ile ambayo dawa zake huongezeana nguvu kupita jumla ilikuwa takriban asilimia 7 tu. Anayesema kwamba kila dawa ikikutana na nyingine huzaliwa sumu mpya ya kutisha hasemi kweli. Lakini takwimu hiyo haitupi ruhusa ya kulala. Inatuambia kwamba tatizo la kila siku ni jumla ya kawaida, ile ya haba na haba, na hiyo inatosha kuvusha maji kutoka hali salama hadi hali ya hatari bila kipimo chochote cha dawa moja kupiga kelele.

Kuyauliza maji yenyewe

Kwa miaka mingi, njia iliyokubalika ya kupima ukali wa kemikali kwa samaki ilikuwa kuwaweka samaki hai katika maji yenye kemikali hiyo kwa saa 96 na kuhesabu waliokufa. Njia hiyo ni ya gharama, ni ya polepole, na huua samaki wengi. Kwa mchanganyiko haifai kabisa, kwani dawa ishirini tu zikichanganywa mbili mbili hutoa jozi 190, kabla hata ya kufikiria tatu tatu.

Hapo ndipo seli zilipoleta mabadiliko. Mwaka 1994, watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada walieleza jinsi walivyootesha seli za matamvua ya samaki trauti, seli zinazoendelea kugawanyika katika maabara bila kuhitaji samaki mpya kila mara. Watafiti wa taasisi ya maji ya Uswisi iitwayo Eawag waliiendeleza kazi hiyo kuwa kipimo kamili, na mwezi Juni mwaka 2021 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilikiingiza katika miongozo yake rasmi kwa namba 249.

Kipimo chenyewe si kigumu kukieleza. Seli huwekwa katika vishimo vidogo vya sahani ya plastiki, kisha hutiwa kemikali inayochunguzwa. Baada ya saa 24 huongezwa rangi tatu zinazong'aa. Ya kwanza huonyesha kama seli bado inatengeneza nishati. Ya pili huonyesha kama utando wake wa nje bado ni mzima. Ya tatu huonyesha kama vifuko vya ndani vinavyosaga taka bado vinafanya kazi. Seli hizi hukua katika nyuzi 19 za joto na hazihitaji gesi ya kabonidioksidi kama seli za binadamu. Maabara ya Kisumu au Bujumbura ingehitaji kuzipoza badala ya kuzipasha moto.

Faida kubwa kwa mjadala wetu ni kwamba kipimo cha namna hii kinaweza kutumika pia kwa maji yaliyotolewa mtoni na kukolezwa. Mkemia anayetafuta masalia ya dawa hupata kile tu kilichomo katika orodha yake. Kama orodha ina dawa thelathini na maji yana arobaini, kumi hazitaonekana. Seli haina orodha. Huitikia kila kilichomo, hata kile ambacho jina lake halijulikani.

Hata hivyo, seli za matamvua zina upungufu wao. Hazina neva, kwa hiyo hupunguza uzito wa dawa zinazoshambulia neva, na hizo ndizo nyingi kati ya dawa za wadudu. Pia trauti si samaki wa Ziwa Victoria. Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia vipimo kadhaa kwa pamoja: seli za matamvua, seli za ini, kipimo cha kimeng'enya cha neva, na viumbe wadogo wa majini. Seli kutoka samaki wa jamii ya sato nazo zimekwisha kuoteshwa katika maabara, na zingekuwa mashahidi walio karibu zaidi na maji yetu. Kipimo kimoja hakitoshi, kama vile shahidi mmoja asivyotosha katika kesi nzito.

Ushahidi kutoka kando ya ziwa

Je, hali ya Ziwa Victoria ikoje? Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020 unastahili kujulikana na kila mkazi wa bonde hili. Watafiti wa kituo cha Helmholtz cha Leipzig, Ujerumani, wakishirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe nchini Kenya, walichunguza maeneo 48 yenye maji katika upande wa Kenya wa bonde la ziwa. Walikuwa wakitafuta konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Waliwakuta pale tu ambapo maji yalikuwa yamechafuliwa na viuatilifu na yalikuwa na rutuba iliyozidi.

Sababu ni rahisi na ya kusikitisha. Konokono hao huvumilia dawa kama imidaklopridi na diazinoni kuliko wadudu wa majini wanaogombea chakula nao. Dawa huwapunguza washindani na kumwacha konokono atawale. Watafiti walisisitiza jambo moja: athari hiyo ilionekana kwa viwango ambavyo tathmini za kawaida huvihesabu kuwa salama. Yaani dawa iliyopuliziwa shambani kuokoa mazao inaweza, kupitia maji, kumrudia mtoto anayeoga kijitoni kwa sura ya ugonjwa. Wala si lazima samaki waelee wamekufa ili tujue kwamba maji yamebadilika.

Kwa upande wa samaki, ukweli unahitaji uangalifu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi Januari 2021, sangara wengi walikufa upande wa Uganda, na wataalamu wa serikali wakasema chanzo kilikuwa upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba. Mwezi Novemba mwaka 2022, wafugaji wa samaki wa vizimba karibu na Kisumu walipoteza samaki wengi, na hapo pia upungufu wa oksijeni ulitajwa. Mwezi Machi mwaka huo huo, upande wa Tanzania wa mto Mara, maji yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na wananchi wengi hawakuridhika na jibu hilo.

Haitakuwa haki kuvibebesha viuatilifu lawama ya vifo hivyo vyote. Maji yasiyo na oksijeni huua samaki bila msaada wa dawa yoyote. Lakini matukio hayo yanafanana katika jambo moja: uchunguzi ulianza baada ya samaki kufa. Mto hautunzi ushahidi. Maji ya leo asubuhi jioni yako mbali. Kama hapakuwa na vipimo vya kila mwezi kabla ya tukio, hakuna cha kulinganisha, na mjadala hubaki kati ya anayeiamini serikali na asiyeiamini. Samaki ambaye matamvua yake yamekwisha kudhoofishwa na mchanganyiko wa dawa huingia katika siku ya upungufu wa oksijeni akiwa na akiba ndogo ya nguvu. Kama hali ndiyo hiyo au siyo, ni vipimo vya mapema pekee vinavyoweza kusema.

Sheria inayojumlisha

Zipo nchi ambazo sheria zake zimeanza kujumlisha. Katika Umoja wa Ulaya, maji ya kunywa hayaruhusiwi kuwa na zaidi ya mikrogramu 0.1 ya kiuatilifu chochote kwa lita, sawa na gramu moja katika lita milioni 10. Lakini sheria hiyo hiyo ina mstari wa pili: viuatilifu vyote kwa pamoja visizidi mikrogramu 0.5. Mstari huo wa pili una kasoro, kwa kuwa hujumlisha uzito bila kuangalia ukali, na unahusu maji ya kunywa, si makazi ya samaki. Hata hivyo unakiri jambo la msingi, kwamba kuna kikomo cha jumla.

Katika ukanda wetu, kazi hiyo haihitaji chombo kipya. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyo chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina makao yake Kisumu. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liko Jinja. Burundi na Rwanda ziliingia katika Jumuiya mwaka 2007, kwa hiyo nchi zote tano za bonde hilo hukaa meza moja.

Mambo matatu yangefaa kuwekwa juu ya meza hiyo. La kwanza ni vituo vya kudumu vya kupima maji pale ambapo nchi hupokezana mto: Rusumo, mdomo wa Kagera, na mpakani mwa mto Mara. Vipimo vichukuliwe zaidi katika majuma ya kunyunyizia na baada ya mvua za kwanza, na kila sampuli ipitishwe kwa mkemia na kwa seli pia. La pili ni kwamba mamlaka inapotoa kibali kwa dawa mpya ya zao fulani, iulize ni dawa gani nyingine hunyunyiziwa zao hilo hilo katika msimu huo huo, na ihesabu jumla yake. La tatu ni takwimu za mauzo ya viuatilifu kwa kila wilaya au tarafa kuwekwa wazi. Bila kujua nini kimeuzwa wapi, hakuna awezaye kukadiria nini kimeteremka mtoni.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Historia ya ziwa lenyewe inajibu. Mwaka 1999, baada ya taarifa kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitia viuatilifu majini ili kukusanya samaki haraka, Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki kutoka Kenya, Tanzania na Uganda. Viwanda vya minofu vilipunguza kazi, na bei ya sangara ikaanguka hata kwa mvuvi aliyekuwa hajawahi kugusa sumu. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Siku hiyo gharama ya kutopima ilionekana kuwa kubwa kuliko gharama ya kupima.

Yaliyo mikononi mwa mkulima

Mkulima asigeuzwe mshtakiwa katika jambo hili. Ananyunyizia kwa sababu mazao yake ndiyo karo ya watoto na chakula cha mwaka. Mara nyingi aliyemshauri ni muuza dawa, si bwana shamba, na maelezo ya chupa yameandikwa kwa lugha asiyoisoma. Hata hivyo yapo mambo yanayopunguza jumla inayofika mtoni, na mengi hayagharimu fedha.

Kuchanganya dawa mbili au tatu katika bomba moja kwa kudhani zitakuwa na nguvu zaidi ni desturi ya kuachwa, isipokuwa pale ambapo maelezo ya dawa yanaruhusu. Bomba lisioshwe kijitoni. Maji ya kuoshea yamwagwe shambani, mbali na mfereji. Chupa tupu zisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya bomba, na chupa isitumike tena kwa maji ya kunywa wala mafuta. Ukanda wa majani ulioachwa bila kulimwa kando ya kijito huzuia udongo na dawa kuteremka. Kukagua shamba na kunyunyizia pale tu wadudu wanapoonekana huokoa fedha na maji pia. Mwenye josho ahakikishe shimo la maji machafu liko mbali na mto.

Wasikilizaji wanaoishi upande wa magharibi, ambako mito haielekei Nile bali Tanganyika, wasidhani kwamba haya hayawahusu. Maji ya Ziwa Tanganyika hukaa muda mrefu sana kabla ya kubadilika, kwa hiyo kinachoingia humo hakitoki upesi. Mashamba ya bonde la Rusizi yako karibu na ufukwe ambako ndagala na mukeke huvuliwa. Mkataba wa ziwa hilo ulitiwa saini mwaka 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, na Mamlaka yake ina makao Bujumbura. Swali linaloulizwa leo Kisumu na Jinja linaweza kuulizwa hapo kesho.

Kuondolewa kwa klopirifosi kutachukua miaka, na wakati huo wauzaji wataleta dawa nyingine kuchukua nafasi yake. Kila moja itakuja na cheti chake. Mawaziri wa nchi tano wanapokutana kujadili ziwa, wananchi wana haki ya kuwauliza kama yupo anayeyajumlisha masalia ya dawa zote hizo, anayajumlishia wapi, na matokeo yake yanasomwa na nani.